Kizuri Hakijiuzi Kama Hakisikiki: Historia Fupi ya Redio za Kidijitali

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu redio. Najua wengine mtasema, "Huyu naye, dunia nzima inaongea habari za akili bandia, yeye anarudi kwa redio!" Ngojeni kidogo. Huku Maua ninakoishi redio haijafa. Ingia kwa kinyozi, panda matatu ya kwenda Meru mjini, pita sokoni asubuhi wakati miraa inafungwa, kila mahali kuna sauti ya redio. Na ukimwuliza mtu anasikiliza nini, atakutajia jina la kituo na namba yake bila kufikiri.

Swali langu ni hili. Kwa nini watangazaji kote duniani, wenye pesa, mitambo na wataalamu wa matangazo, wamehangaika hivi kuwafanya wasikilizaji wazijue chaneli mpya za redio ya kidijitali? Chaneli zipo. Sauti ni safi. Nyingine ni za bure kabisa. Hata hivyo zinakaa pale kama duka lililofunguliwa ndani ya msitu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani historia ya redio ya kidijitali inaonyesha methali hiyo ina sharti ambalo halikuandikwa: kizuri chajiuza kama mnunuzi anaweza kukiona.

Mfano mkubwa kuliko yote ulitokea hapa hapa Afrika, juu ya vichwa vyetu, na vijana wengi wa leo hawajawahi kuusikia. Lakini kwanza turudi nyuma kidogo.

Sufuria iliyoimba

Kenya ilianza kusikia matangazo ya redio mwaka 1928, jijini Nairobi, na matangazo hayo yalikuwa ya walowezi. Mwafrika wa kawaida hakuwa na chombo. Redio za wakati ule zilikuwa makabati ya mbao, zenye valvu za kioo na bei ya kutisha, na zilitaka umeme.

Aliyelitatua jambo hili alikuwa Northern Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zambia. Harry Franklin, aliyekuwa mkurugenzi wa habari wa serikali ya kikoloni pale, alikuwa na kituo cha redio mjini Lusaka kilichotangaza kwa lugha za Waafrika. Akajiuliza swali rahisi: nani anasikiliza? Badala ya kuongeza vipindi au kubandika mabango, alizunguka kwa watengenezaji akiomba redio ya betri, ya bei nafuu, kwa ajili ya watu wa kawaida. Kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikakubali. Mwaka 1949 ikatokea redio ndogo ya duara iliyoundwa kwa umbo la sufuria, ndiyo maana ikaitwa Saucepan Special. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri ilinunuliwa kando. Haikuwa bei rahisi kwa kibarua, lakini mtu mwenye mshahara angeweza kujinyima miezi kadhaa akaipata. Ikanunuliwa sana.

Kumbukeni mpangilio huo: kwanza chombo, kisha vipindi, tangazo mwishoni. Na tangazo lenyewe lilifanywa na sufuria, kwa sababu jirani mmoja akinunua, kijiji kizima kinakuja kukaa uani kwake jioni. Miaka michache baadaye transista ikaingia na kazi ikawa nyepesi zaidi.

Namba moja tu

Sasa turuke hadi miaka ya 1990. Kwa muda mrefu Kenya ilikuwa na mtangazaji mmoja: Sauti ya Kenya tangu 1964, kisha KBC tena kuanzia 1989. Halafu hewa ikafunguliwa. Capital FM ilianza Nairobi mwaka 1996. Mwaka 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikuyu, na watu wakaona ajabu kusikia lugha ya nyumbani ikichekesha na kuuza bidhaa redioni. Baada ya hapo mlango ukavunjika. Royal Media peke yake ikaleta Inooro kwa Kikuyu, Ramogi kwa Kijaluo, Musyi kwa Kikamba, Egesa kwa Kigusii, na kwetu huku Muuga FM kwa Kimeru, na Wimwaro kwa majirani zetu wa Embu.

Vituo hivi vilijitangaza vipi? Kwa namba. Mtangazaji anataja masafa, dereva wa matatu anazungusha kitufe, basi. Chombo kilikuwa kimeshalipiwa miaka mingi iliyopita. Kujaribu kituo kipya kulimgharimu msikilizaji sekunde tatu na shilingi sifuri, na kisipompendeza, anarudi alikotoka. Tena hata asiyetafuta alikipata: ukizungusha kitufe kutoka kituo kimoja kwenda kingine, lazima upite katikati, na hapo katikati unakutana na sauti usiyoijua. Wengi wetu tulivijua vituo vipya kwa njia hiyo, kwa kupita tu.

Baadaye simu za bei ndogo, zile tunazoziita kabambe, zikaja na redio ya FM ndani. Hakuna aliyenunua simu ili asikilize redio, lakini alipoinunua redio ilikuwemo. Waya wa vipokea sauti ukawa antena. Hapo FM ikashinda kabisa.

Setilaiti yetu wenyewe

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Mwaka 1990 mwanasheria mzaliwa wa Ethiopia, Noah Samara, alianzisha nchini Marekani kampuni iliyoitwa WorldSpace. Yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kilichomsukuma: Afrika ilikuwa inapoteza watu kwa UKIMWI kwa sababu habari haziwafikii. Wazo lake lilikuwa kutuma redio moja kwa moja kutoka angani hadi kwenye kisanduku kidogo mezani, bila ungo mkubwa na bila minara. Mwaka 1992 mkutano wa kimataifa wa masafa uliofanyika Torremolinos, Uhispania, ukatenga masafa ya megahezi 1452 hadi 1492 kwa ajili ya redio ya kidijitali. Njia ikafunguka.

Tarehe 28 Oktoba 1998 roketi ya Ariane iliondoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti iitwayo AfriStar. Fikirini hilo. Setilaiti ya redio ya kidijitali iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya Afrika iliingia angani kabla Wamarekani hawajapata yao. Huduma za XM na Sirius kule Marekani zilianza baadaye, XM mwaka 2001 na Sirius mwaka 2002. Kwa mara moja, sisi tulikuwa wa kwanza kwenye foleni!

Kwa wapenda hesabu kama mimi, mitambo yake ilikuwa ya kuvutia sana. AfriStar ilikaa juu ya ikweta, digrii 21 mashariki, ikimulika bara kwa miale mitatu. Kila mwale ulibeba mikondo miwili, na kila mkondo uligawanywa vipande 96 vya kilobiti 16 kwa sekunde. Pigeni hesabu: 96 mara 2 mara 16 ni kilobiti 3,072. Kituo cha mazungumzo tu kilitosheka na kipande kimoja. Kituo cha muziki chenye ubora wa FM kilichukua vinne, yaani kilobiti 64. Kwa hiyo mwale mmoja ungeweza kubeba vituo 48 vya muziki kwa wakati mmoja. Na sauti ilibanwa kwa MP3, ile ile tuliyokuja kuijua kwenye simu na flashi, ikiwa imeongezewa uwezo wa kufanya kazi kwa biti chache. Hii ilikuwa kabla iPod ya kwanza haijatoka mwaka 2001.

Nimefanya hesabu nyingine kwa ajili ya kwetu. Maua iko karibu kabisa na ikweta, takriban digrii 38 mashariki. Maana yake ni kwamba kutoka hapa AfriStar ilionekana upande wa magharibi, kama digrii 70 juu ya upeo wa macho. Ni karibu utosini! Mnajua vilima vya Nyambene vinavyotuchezea na mawimbi ya FM: ukishuka bonde moja kituo kinakoroma, ukipanda kinarudi. Kwa setilaiti iliyo juu kiasi hicho, vilima havizuii chochote. Mkulima wa Igembe angeweza kupata sauti safi sawa na mtu wa Nairobi. Kitaalamu, hili lilikuwa jibu la matatizo yetu.

Basi kwa nini hamkuwahi kulisikia?

Mambo matatu yaliyoifunga

La kwanza ni chombo. Redio za WorldSpace zilitengenezwa na majina makubwa ya Japani: Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo. Zilipoanza kuuzwa mwaka 1999 bei ilikuwa zaidi ya dola 200. Kwa kiwango cha wakati ule hizo ni zaidi ya shilingi 14,000. Redio ya kawaida ya FM uliipata sokoni kwa mamia machache tu ya shilingi. Sufuria ya Franklin ilimfuata mtu alipo. Sanduku hili lilimtaka mtu apande mpaka lilipo. Tena lilihitaji kuona anga wazi, kwa hiyo antena yake uliiweka dirishani au nje na kuielekeza. Halikuundwa kwa gari linalotembea, wala huwezi kulitia mfukoni ukaenda nalo shambani. Yaani liliondoka kwenye sehemu zote ambako sisi tunasikilizia redio.

La pili ni duara la tangazo, na hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Utamwambiaje mtu habari za chaneli mpya? Ukimwambia kwenye chaneli hiyo mpya, atakayesikia ni yule aliye nayo tayari. Ukimwambia kwenye FM, unamlipa mshindani wako ili awafukuze wasikilizaji wake mwenyewe, na akikubali atakutoza bei ya kukuumiza. Ukimwambia gazetini, unaeleza sauti kwa maandishi, kama kueleza ladha ya nyama kwa barua. Ili mtu anunue chombo lazima awe ameisikia chaneli, na ili aisikie lazima awe amenunua chombo. Sisi waandishi wa programu tunajua hali hii: michakato miwili, kila mmoja umeshika kitu ambacho mwenzake anakisubiri, na mashine inaganda hapo milele.

La tatu ni kwamba hakukuwa na namba wala njia ya kupitia. Kwenye FM jina la kituo na mahali pake ni kitu kimoja. Ukiimba namba umeshatoa ramani. Kwenye redio ya kidijitali mtangazaji hana namba ya kuimba inayofanya kazi kwenye chombo ulicho nacho. Inabidi aeleze: nunua kisanduku, elekeza antena, subiri, tafuta jina kwenye orodha, na kama imefungiwa malipo lipia. Tangazo la sekunde 30 halitoshi kueleza hatua tano. Na kwa sababu unachagua kutoka kwenye orodha, hakuna tena kukutana na kituo njiani. Orodha humpa mtu anachokijua tayari.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa redio hapa Maua nilipokuwa shule ya msingi. Siku moja mteja wake mmoja, mwalimu, alileta sanduku la WorldSpace akilalamika kwamba limekufa. Mjomba alilifungua, akapima kila kipande kwa mita yake, akalifunga tena bila kuchoma risasi hata tone. Akamwambia, "Mwalimu, hii haina ugonjwa. Iliyonyamaza ni huko juu." Mwalimu hakumwamini. Alikuwa amezoea kwamba redio ikinyamaza, kosa liko kwenye betri au kwa fundi.

Ukweli ni kwamba huko juu kweli kulinyamaza. Mwanzoni chaneli nyingi zilikuwa wazi, baadaye kampuni ikazifungia nyingi na kudai malipo ya kila mwezi, kwa sababu matangazo ya biashara hayakutosha. Agosti 2005 ikaingia kwenye soko la hisa la NASDAQ, ikaelekeza nguvu India, ikamfanya mwanamuziki A. R. Rahman kuwa uso wake na hata kumtungisha wimbo wa utambulisho. Huko ndiko ilikopata wateja wake wengi. Hata hivyo dunia nzima hawakufika 200,000. Oktoba 2008 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mwisho wa mwaka 2009 wateja wa India wakakatiwa huduma. Huku kwetu nako, masanduku mengi yakabaki mapambo ya kabatini.

Wasidhani wasomaji kwamba haikufanya lolote jema. Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, ambayo tangu 2013 inaitwa KICD, iliitumia kupeleka vipindi vya shule. Mradi wa RANET uliitumia kupeleka taarifa za hali ya hewa vijijini. Tazameni lakini: katika matumizi hayo mawili, chombo kilipelekwa na taasisi hadi kwa msikilizaji, na mtu alikuwepo wa kuonyesha kinavyotumika. Hakuna aliyesubiri tangazo lifanye kazi hiyo.

Wazungu nao walihangaika

Msidhani ni umaskini wetu tu. BBC ilianza kutangaza kwa mfumo wa DAB tarehe 27 Septemba 1995 mjini London. Kwa miaka kadhaa ilikuwa inatangazia karibu hewa tupu, kwa sababu vipokezi vilikuwa adimu na bei yake ilikuwa ya matajiri. Mambo yalibadilika mwaka 2002, na yalibadilika kwa sababu mbili zilizokutana: kampuni ya Pure ilitoa redio ndogo ya mezani, Evoke-1, kwa pauni 99, na mwaka huo huo BBC ikafungua chaneli ambazo hazikuwepo FM, kama 6 Music na 1Xtra. Chombo cha bei ya kufikirika, na sababu ya kukinunua. Ni sufuria ile ile, miaka 53 baadaye.

Hata hivyo kazi ya kuzitangaza haikuwa rahisi. Kisa cha 6 Music kinanichekesha kila nikikikumbuka. Machi 2010 BBC ilipendekeza kuifunga, kwa sababu waliosikiliza walikuwa wachache na Waingereza wengi hawakujua hata kama ipo. Habari za kufungwa zikaenea magazetini, mashabiki wakaandamana, wanamuziki wakapiga kelele. Watu ambao hawakuwahi kuisikia wakauliza, "Ni kitu gani hiki mnachokililia?" Wakaitafuta. Hesabu ya wasikilizaji ikapita milioni moja kwa wiki, na Julai mwaka huo pendekezo la kuifunga likakataliwa. Miaka minane ya matangazo haikufanya kile kilichofanywa na tishio la kifo katika miezi michache!

Norway ilichagua njia nyingine: fimbo. Tarehe 11 Januari 2017, kuanzia mkoa wa Nordland, ilianza kuzima FM ya vituo vya kitaifa, na kufikia 13 Desemba mwaka huo ikamaliza. Vituo vidogo vya mitaani vingi vikaachwa FM. Ilifanikiwa? Kwa kiasi, ndiyo. Lakini Norway ni nchi tajiri, na hata hivyo wenye magari walinung'unika sana.

Tuliyoyaona wenyewe

Fimbo hiyo sisi Wakenya tunaijua, ila kwetu ilitua kwenye runinga. Mnamo 9 Desemba 2009 Rais Kibaki alizindua matangazo ya runinga ya kidijitali Nairobi. Kwa miaka mitano iliyofuata tulitangaziwa kila kona kwamba kidijitali inakuja. Neno lenyewe likawa maarufu kupita kiasi. Katika uchaguzi wa 2013 upande wa Jubilee ulijiita wa kidijitali na wapinzani wao wakabandikwa jina la analojia. Mzee wa kijijini ambaye hakuwahi kugusa kompyuta alijua kwamba kuwa "analojia" ni kutukanwa!

Je, alinunua king'amuzi kwa sababu hiyo? Hapana. Alingoja. Kwa nini anunue, na picha bado ipo? Februari 2015, baada ya mvutano mrefu wa mahakamani, mitambo ya analojia ikazimwa, na NTV, KTN na Citizen zikatoweka hewani kwa takriban wiki tatu. Hapo ndipo maduka ya ving'amuzi yakafurika. Maana yake ni kwamba watu walilijua neno, walilitumia, walilicheka, na bado hawakuvuka. Kujulikana ni jambo moja na kufikika ni jambo jingine.

Na hivi ndivyo chaneli za redio zilivyofichika ndani ya ving'amuzi hivyo. Chukua rimoti yako uitazame. Ving'amuzi vingi vina sehemu ya redio. Wangapi mmewahi kuibonyeza kwa makusudi? Mimi niliwauliza jamaa zangu Krismasi iliyopita. Shangazi mmoja tu aliwahi kuiona, naye alidhani runinga imeharibika kwa sababu picha ilipotea, akamwita kijana wa jirani airekebishe.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Huenda mtu akasema, kuna haja gani? FM inatosha, na mwenye simu janja ana mtandao. Tatizo ni kwamba FM ina nafasi chache, kati ya megahezi 87.5 na 108, na katika miji mikubwa ya Kenya imeshajaa. Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano imekuwa ikizungumzia redio ya kidijitali ya nchi kavu, mfumo ambao mnara mmoja unabeba vituo vingi kwenye masafa ya kituo kimoja. Nafasi zikijaa, wanaobaki nje si wenye pesa. Wanaobaki nje ni wadogo: kituo cha Watharaka, cha wakulima, cha shule. Hata sisi Wameru tunaonekana kutoka mbali kama lugha moja, lakini Muigembe, Mutigania na Muimenti wakiketi pamoja utasikia tofauti. Redio ya kidijitali ingempa kila mmoja pembe yake.

Na redio kwetu si anasa. Juni 2014 Uingereza ilipopiga marufuku miraa, na Septemba 2016 Somalia ilipofunga soko lake kwa muda, mtu aliyekuwa na shehena alihitaji kujua saa hiyo hiyo, kwa lugha anayoielewa, akiwa shambani. Hakuhitaji sauti yenye ubora wa hali ya juu. Alihitaji sauti iliyofika.

Mtandao nao haujalivunja duara. Niliwahi kutengenezea kituo kimoja kidogo programu ya simu ya kusikilizia. Kazi ilikuwa safi, ilifunguka haraka hata kwa mtandao dhaifu. Tangazo likaandikwa, na mtangazaji akawa anasoma anwani hewani: herufi kwa herufi, nukta, mkwaju, herufi tena. Nilikuwa nimekaa ndani ya matatu siku moja nikimsikia akiisoma, nikawatazama abiria. Hakuna aliyetoa simu. Na kwa nini wangeitoa? Kituo chenyewe walikuwa wanakisikia wakati huo huo, bure, bila kununua bando. Alikuwa anawauzia maji watu walio mtoni.

Kwa hiyo, siku redio ya kidijitali ya nchi kavu itakapofika kwetu, ningewashauri wahusika mambo machache, nikiwa mwandishi wa programu na si mtaalamu wa matangazo.

Moja, anzeni na sufuria. Kipokezi kiwe cha betri au sola, cha bei ya duka la kijijini, kinachopokea FM pia, ili anayekinunua asipoteze chochote alicho nacho. Afrika Kusini wamekuwa wakijaribu mfumo wa DAB+ tangu 2014, nasi tuna nafasi ya kujifunza kwao kabla ya kutumia pesa.

Mbili, chombo kimwongoze mtu. Msikilizaji asijue kama yuko FM au dijitali. Abonyeze kitufe kile kile, vituo vyote viwe kwenye mstari mmoja, na vipya vikae katikati ya vya zamani ili avipitie. Hii ni kazi ya programu tu, na inawezekana kabisa. Wateja hawajali mawimbi. Mawimbi ni shida yetu sisi mafundi.

Tatu, chaneli mpya iwe na kitu ambacho cha zamani hakina. Muziki ule ule kwa sauti safi zaidi haumtoi mtu nyumbani. Mechi ya mtaani, bei za soko la jana jioni, hadithi za wazee kwa Kiigembe, hivyo vinamtoa.

Nne, msitangaze kabla chombo hakijafika dukani. WorldSpace ilijulikana zaidi kwa wasomaji wa magazeti ya biashara kuliko kwa watu iliokusudiwa kuwafikia, na hilo liliiua polepole.

Kule kwa mjomba, sanduku lile la mwalimu halikurudi kuchukuliwa. Mjomba alitoa spika yake, ilikuwa nzuri sana, akaifunga kwenye redio ya FM ya mteja mwingine, na kwa miaka mingi duka lile la viatu likasikiliza Muuga FM kwa spika iliyotengenezwa kupokea sauti kutoka angani. Kama kwenu bado lipo moja la aina hiyo kabatini, msilitupe. Niletee Maua, nataka kuliweka mezani kwangu.